Vidonge Alivyovificha Kinyozi

Jina halisi la kinyozi huyu lilikuwa limesahauliwa zamani. Mtaa mzima ulimwita Wembe. Duka lake lilikuwa na viti viwili, kioo kirefu, na benchi la mbao kando ya mlango. Wengi waliokaa kwenye benchi hilo hawakuja kunyolewa. Walikuja kusikiliza maneno. Wembe alikuwa na mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi. Aliweza kunyoa kichwa, kuamua ubishi wa mpira na kumpatanisha mtu na mkewe, yote hayo kabla povu la sabuni halijakauka.

Mkewe alikuwa fundi wa kupaka rangi nyumba, basi watu wakamwita Mama Rangi. Alipanda ngazi ndefu bila kushika ukuta. Jioni alirudi na madoa hata kwenye kope. Wembe alimtazama viwiko na kusema, "Leo ulikuwa kwa watu wa kijani," naye akacheka kama hajawahi kuusikia mzaha huo.

Mlango wa pili kutoka kwa kinyozi palikuwa na kibanda cha fundi viatu. Huyo alikuwa kaka yake Mama Rangi. Wembe alimwita Shemeji. Wateja wakalidaka jina, na mwishowe mtaa mzima ukamwita Shemeji, hata watu ambao hawakuwa na habari ya kuoa.

Maisha yalikwenda hivyo mpaka asubuhi moja Wembe alipokojoa damu. Hakuumwa popote. Angeweza kunyamaza. Lakini alimwambia mkewe, na mkewe alimfikisha hospitali siku hiyohiyo. Walimkuta na saratani kwenye figo ya kushoto. Figo hiyo ikatolewa. Mtu anaweza kuishi vizuri kwa figo moja, na baada ya miezi miwili Wembe alikuwa amesimama tena nyuma ya kiti chake, mashine mkononi.

Mwaka uliofuata alirudi kupigwa skani, ile picha inayoonyesha ndani ya mwili. Picha ikaonyesha vinundu vitatu kwenye mapafu. Daktari hakuwaficha neno. Ilikuwa saratani ileile ya figo. Ilikuwa imesafiri kwa njia ya damu na kutua mahali pengine. Safari hii isingekatwa. Ingetibiwa kwa vidonge. Kidonge kimoja kila siku kwa wiki nne, kisha mapumziko ya wiki mbili, kisha kuanza tena.

Mama Rangi aliuliza vidonge hivyo vingefanyaje kazi. Daktari akajibu kwamba vitaunyima uvimbe damu. Wembe alitikisa kichwa kama aliyeelewa. Hakuelewa. Alijiuliza jinsi kidonge kimoja kinavyoweza kuunyima uvimbe damu bila kuunyima damu ubongo na miguu. Lakini nje kulikuwa na foleni ndefu, na yeye, mtu wa maneno mengi, aliona haya kuuliza. Akalimeza swali lake.

Vidonge vikafanya kazi. Baada ya miezi mitatu skani ya pili ilitoka. Kinundu kikubwa, kilichokuwa kama ndimu, kilikuwa kimebaki kama kokwa ya tende. Kile cha pili kilikuwa nusu. Cha tatu daktari alikitafuta kwa kidole kwenye kioo cha kompyuta, akakikosa, akatabasamu.

Mama Rangi alishindwa kujizuia. Alitoka kwenye chumba cha daktari akicheza, mabega juu, mabega chini, katikati ya ukumbi wa hospitali. Mfagiaji akasimama na dekio lake akampisha. Mgonjwa mmoja aliyekuwa kwenye kiti cha magurudumu akaanza kumpigia makofi, naye hakumjua wala hakujua anafurahia nini. Siku hiyo Wembe alinyoa watu kumi na wanne. Kila mmoja alisikia habari ya ndimu na kokwa ya tende. Aliyekuja kunyolewa ndevu tu aliisikia mara mbili.

Kisha nywele zake zikaanza kuwa nyeupe. Si mvi za uzee, moja hapa na moja pale. Zilitoka nyeupe zote, kichwa kizima, kama pamba. Benchi lilimtania sana. Walimwita Babu, nao wengine walikuwa wakubwa kwake. Wembe alicheka nao. Hilo halikumsumbua.

Kilichomsumbua kilikuwa viganja. Ngozi ilikuwa nyekundu, ikavimba, ikachubuka pale inapokutana na mashine ya kunyolea. Nyayo nazo ziliwaka moto aliposimama muda mrefu. Na kinyozi hufanya kazi kwa viganja na nyayo. Alianza kuishika mashine kwa ncha za vidole, kama mtu aliyeshika kaa la moto.

Siku moja alikuwa akimnyoa mwalimu mkuu wa shule ya jirani. Wembe alifika shingoni. Kiganja kikamchoma, mkono ukaruka, na wembe ukamchana mwalimu nyuma ya sikio. Hakikuwa kidonda kikubwa. Mwalimu alikuwa muungwana, akasema si kitu. Lakini kwa miaka ishirini na miwili Wembe hakuwahi kumtoa mteja damu. Benchi zima lilinyamaza. Kimya kile kilimuuma kuliko viganja.

Jioni alikwenda kukaa kwenye kibanda cha Shemeji. Akamwonyesha mikono. Shemeji alikuwa mtu mwema, ila hakuwa na swali ambalo hana jibu lake. Alisema dawa kali hivyo lazima ipumzishwe. Alisema hata soli ukiipiga misumari kila siku inapasuka. Wembe akajibu kwamba daktari tayari amempa mapumziko ya wiki mbili.

"Basi jiongezee," Shemeji akasema. "Mwili ni wako."

Wembe akajiongezea. Kwanza aliruka siku mbili. Viganja vikapata nafuu, na hakuna baya lililotokea. Akaruka wiki. Akarudi kumeza siku tatu nne, ngozi ikaanza kuwaka, akaacha tena. Mwishowe aliacha kabisa. Alihesabu kwamba vinundu vimeshakuwa vidogo, na kidogo hakimuui mtu.

Hakumwambia mkewe. Hapo ndipo palipokuwa pagumu, kwa sababu kila asubuhi, kabla ya kubeba ndoo zake za rangi, Mama Rangi alimletea glasi ya maji na kidonge. Alisimama mlangoni mpaka ameze. Wembe alikificha kidonge katikati ya vidole, akatupa kichwa nyuma, akanywa maji, akasema "ahsante". Mkewe akaenda kazini roho ikiwa imetulia. Kidonge kikaenda kwenye kopo la poda, dukani, nyuma ya taulo. Alitaka kumwambia. Lakini alikumbuka mkewe alivyocheza ukumbini, mdomo ukawa mzito. Tena aliogopa kwamba hospitali wakijua vidonge vinamchubua, watavichukua vyote na kumwacha mikono mitupu.

Viganja vikapona. Mkono ukarudi kuwa mwepesi. Wembe alijisikia mzima kama kijana. Ikapita miezi miwili, siku ya skani ikafika.

Daktari aliitazama picha kwa muda mrefu. Hakutabasamu. Kinundu kikubwa kilikuwa kimerudi karibu kuwa ndimu. Kile cha tatu, kilichokuwa kimepotea, kilionekana tena waziwazi. Daktari aliuliza kama dawa imemezwa vizuri. Mama Rangi ndiye aliyejibu. Alisema kila asubuhi, yeye mwenyewe shahidi. Wembe alitazama viatu vyake.

Basi daktari akaeleza kwa upole kwamba wakati mwingine saratani huwa sugu. Huzoea dawa, ikakua juu ya dawa. Inaelekea ndivyo ilivyokuwa. Wangeiacha dawa ile na kujaribu nyingine. Aliandika jambo hilo kwenye faili. Machozi yalimtiririka Mama Rangi, yakapita juu ya doa la rangi ya samawati lililokuwa shavuni tangu jana yake.

Wembe alifungua mdomo. Akaufunga.

Walipelekwa kwenye dirisha la dawa. Hapo alikaa mfamasia, yaani mtaalamu wa dawa, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa uzi. Wagonjwa walimwita Dada wa Dirishani. Alikuwa akimpa Wembe vidonge tangu siku ya kwanza, na kila mara alimuuliza maswali yaleyale kuhusu mdomo, tumbo, presha na viganja. Safari hii aliisoma karatasi ya daktari. Akamtazama Wembe. Akaisoma tena.

"Kaka, nipe mkono," alisema.

Wembe alidhani anapewa pole. Akautoa mkono. Mfamasia aliugeuza, akakitazama kiganja, akakipapasa kwa kidole gumba. Kilikuwa laini, kizima.

"Sasa vua kofia."

Wembe alivua polepole kofia ambayo siku hizi hakuivua hata nyumbani. Hakuwa amejinyoa kwa miezi kadhaa, maana kinyozi hajinyoi. Mfamasia alivaa miwani, akainama dirishani, akachambua nywele zake kwa ncha ya kalamu.

"Mtu anayepaka nywele rangi, nywele huwa nyeupe shinani na nyeusi nchani," alisema. "Zako zimekuwa kinyume. Nyeupe nchani, nyeusi shinani. Kidonge chetu ndicho kinachozifanya nyeupe. Nyeusi hizi zimeota wakati humezi kitu. Ni muda gani sasa, kaka?"

Palikuwa na watu nyuma yao. Mama Rangi aligeuka akamtazama mumewe kichwani. Yeye alikuwa fundi wa rangi. Hakuhitaji kuelezwa mara mbili.

"Miezi miwili," Wembe alisema. "Viko kwenye kopo la poda."

Mama Rangi akasema, bila kupandisha sauti, "Kila asubuhi nilikuletea maji."

Wembe alinyolewa siku hiyo, nywele zikibaki kichwani. Alisema tu kwamba aliona haya, na kwamba aliogopa. Akaeleza habari ya viganja, mwalimu mkuu na ile damu nyuma ya sikio. Alieleza yote, mwanzo hadi mwisho, naye alipomaliza alijisikia kama mtu aliyetua gunia.

Mfamasia hakumkaripia. Alimwita mwenzake ashike dirisha, akawaingiza wote wawili kwenye chumba kidogo cha nyuma, kilichojaa maboksi hadi darini. Uso wake haukuwa wa hasira hata kidogo. Ulikuwa umechangamka, kama wa mtu aliyepata kitu alichodhani kimepotea.

"Waswahili husema mficha maradhi, kifo kitamuumbua," alisema. "Wewe hukuficha maradhi. Umeficha dawa. Lakini mnajua maana yake? Hatuna ushahidi kwamba saratani hii ni sugu. Huenda dawa bado inaiweza."

Mama Rangi aliinua kichwa.

Wembe akaona kwamba akilimeza swali lake mara ya pili, litamkaba. Akauliza. Kidonge kinaunyimaje uvimbe damu?

Mfamasia alivuta boksi akakaa.

"Saratani ikiwa ndogo kama kichwa cha pini, inajilisha kwa kudokoa kwa majirani," alisema. "Ikitaka kukua zaidi ya hapo, inahitaji mishipa yake yenyewe ya damu. Kwa hiyo inatoa ishara. Ishara hiyo ni kemikali. Inaifikia mishipa iliyo karibu na kuifanya ichipue. Vijishipa vyembamba vinaota kuelekea kwenye uvimbe. Vinauletea chakula na hewa. Vinaupa na njia ya kusafiri kwenda sehemu nyingine za mwili."

"Na kidonge?"

"Kidonge kinaizuia mishipa isiipokee ile ishara. Vijishipa vinanyauka. Uvimbe unakaa na njaa, unasinyaa."

"Mbona hakikunyauka kichwa changu?"

Hapo mfamasia alicheka, na Mama Rangi, kwa mara ya kwanza siku hiyo, akakaribia kucheka. Mfamasia akaeleza kwamba mishipa ya kichwani imeshakomaa, haiitegemei sana ishara ile. Mishipa michanga ya kwenye uvimbe ndiyo inayoihitaji kila siku. Hata hivyo, kidonge hakina macho. Kinagusa na sehemu nyingine za mwili. Ndiyo maana ngozi ya viganja inachubuka, presha inaweza kupanda, na kidonda kinachelewa kupona. Ndiyo maana mtu anayekimeza hatakiwi kung'oa jino wala kupasuliwa popote bila kuwaambia kwanza.

"Sasa sikia ulilofanya," aliendelea. "Ulipoacha kumeza, saratani haikuacha kutoa ishara. Watafiti wameona kwenye maabara kwamba dawa ikiondolewa, vijishipa vinaanza kuota upya ndani ya siku chache. Vinapita njia zilezile za mwanzo."

"Lakini daktari mwenyewe alinipa mapumziko," Wembe alisema, kwa sauti ndogo.

"Ya daktari yalipimwa. Yako uliyakadiria."

Mama Rangi akauliza kuhusu huo usugu. Je, upo kweli, au ni jina la uvivu wa watu kama mumewe? Mfamasia akasema upo kweli. Mtu anaweza kumeza kila kidonge kwa wakati wake na bado, baada ya muda, saratani ikapata ujanja. Huanza kutumia ishara nyingine, ambayo kidonge hakiizuii. Au huacha kujenga mishipa mipya na kutambaa kando ya mishipa ya zamani ya mwili. Hilo likitokea si kosa la mgonjwa, na zipo dawa nyingine za kujaribu. Ila dawa hizo si nyingi. Kila moja ni ya thamani. Mgonjwa akificha, daktari anaweza kuitupa dawa inayofaa akidhani imeshindwa.

Walirudi kwa daktari, mfamasia akiwa mbele, faili mkononi, akitembea kwa haraka mpaka miwani ikimgonga kifuani. Daktari aliwasikiliza. Akafuta alichoandika.

"Ungeniambia kuhusu viganja, ningekupunguzia," alimwambia Wembe. "Zipo njia."

Na njia zilikuwepo. Dozi ilipunguzwa kidogo. Badala ya wiki nne mfululizo, Wembe angemeza wiki mbili na kupumzika wiki moja. Alipewa krimu ya kulainisha ngozi, apake asubuhi na jioni. Aliambiwa aepuke maji ya moto, avae viatu vipana na laini, na afanye kazi akiwa amekaa kila inapowezekana. Ngozi ikianza kuchubuka, arudi siku hiyohiyo, asingoje miadi. Tena apime presha mara kwa mara, kwa sababu presha ya juu huja kimyakimya.

Walipofika nyumbani, Mama Rangi alikaa kitandani bila kuvua viatu. Alimwambia mumewe kwamba nywele nyeupe angeweza kuzizoea, na mikono isiyofanya kazi angeizoea pia, maana yeye ana mikono miwili inayofanya kazi. Lakini kudanganywa kila asubuhi hatakuzoea. Wembe aliomba radhi. Hakutia mzaha hata mmoja, na kwa kuwa hakutia mzaha, mkewe alimwamini.

Siku iliyofuata Wembe alilibeba kopo la poda hadi kwenye dirisha la dawa, akakabidhi vidonge vyote vilivyokuwemo. Kisha alikwenda dukani akaliambia benchi ukweli. Benchi likachukua kazi ya kumlinda kwa moyo mmoja. Shemeji alikuwa wa kwanza. Hakusema amekosea, hilo lingempasua. Ila alimshonea Wembe viatu vya ngozi laini vyenye soli nene ya sponji, akaifunga mashine ya kunyolea kitambaa cha pamba kwenye mpini, na akamtafutia kiti kirefu ili anyoe akiwa amekaa. Mwalimu mkuu naye alirudi, akajikalisha kwenye kiti, akageuza shingo.

Duka likapata kipimo cha presha. Kilikuwa cha Wembe, lakini kila aliyengoja zamu aliuweka mkono ndani. Wiki ya tatu presha ya Wembe mwenyewe ilipanda sana. Wembe wa zamani angesema ni hasira za mpira. Huyu alifunga mashine, akaenda kliniki na povu la mteja likiwa bado kwenye kidole. Akaongezewa kidonge cha presha, ikashuka.

Viganja viliwaka, lakini si kama mwanzo. Safari moja vilipochubuka, alirudi hospitali siku hiyohiyo, daktari akasimamisha dawa kwa siku tano zilizohesabiwa, kisha akairudisha. Nywele zikawa nyeupe tena, na Wembe alifurahi kuziona kuliko kijana anavyofurahia ndevu zake za kwanza. Alimwonyesha kila mteja kichwa chake. Aliwaeleza habari ya ishara na vijishipa mpaka benchi zima likaweza kuisimulia. Mtu akija na hoja kwamba dawa ya hospitali inamzoesha mgonjwa vibaya, haikuwa lazima Wembe ajibu. Shemeji alimdaka mlangoni.

Baada ya miezi mitatu, skani. Wembe na Mama Rangi waliingia wakiwa wameshikana mikono kama wanaokwenda kufunga ndoa. Daktari aligeuza kioo cha kompyuta ili waone wenyewe. Ndimu ilikuwa imesinyaa tena. Ilikuwa ndogo kuliko kokwa ya tende. Dawa ilikuwa bado inaiweza. Mama Rangi alitaka kucheza, miguu ikakataa, akakaa chini sakafuni akacheka mpaka daktari naye akaacha kuandika.

Walipata mwaka mmoja na nusu wa namna hiyo. Wembe alinyoa, Mama Rangi alipaka, na kidonge kilimezwa mbele ya watu.

Kisha skani moja ikaonyesha kinundu cha pili kimeanza kukua. Safari hii Wembe hakutazama viatu. Alimtazama daktari machoni. Hakuna kidonge kilichorukwa, na daktari alijua. Huu ulikuwa usugu wenyewe, ule alioambiwa kwamba unaweza kuja. Aliogopa, tena sana. Lakini hakujilaumu, na hakukata tamaa. Alikuwa na maswali sita, akayauliza yote, foleni ikiwa nje.

Wakamweleza kwamba saratani imepata njia nyingine ya kujipatia damu. Wataibadilishia mapigo. Wakampa kidonge cha aina nyingine, kinachozuia ishara zaidi ya moja, na dawa ya kutundikiwa mkononi kwa dripu, inayoziamsha kinga za mwili ziitambue saratani. Mama Rangi aliandika majina yote mawili kwenye kiganja chake kwa kalamu, kwa kuwa karatasi, alisema, inafichika, na mumewe ana historia ya kuficha vitu.

Kwa miezi mitatu walingoja. Dawa mpya ilikuwa na usumbufu wake. Kila alichokisikia mwilini, Wembe alikwenda kukisema, kikubwa na kidogo, mpaka Dada wa Dirishani akamwambia sasa angalau kikohozi cha mteja asimletee.

Siku ya majibu Wembe alitoka kwenye chumba cha daktari akiwa hawezi kutulia. Kinundu kilichokuwa kikikua kilikuwa kimesimama, tena kimepungua. Vile vingine viwili vilionekana kwa shida. Daktari alisema safari bado ipo, na watafuatilia kila baada ya miezi mitatu. Lakini alisema hivyo akitabasamu. Mama Rangi alikwenda ukumbini kumpigia Shemeji simu, na sauti yake ilisikika hadi kwenye ngazi. Wembe alikaa kwenye kiti kumngoja. Alitafuta mtu wa kumwambia. Maneno yalikuwa yamemjaa mdomoni kama maji.

Kando yake alikaa mwanamke mmoja, mikono yake yote miwili ikiwa imefichwa ndani ya mtandio. Nywele zilizochomoza pembeni mwa kilemba chake zilikuwa nyeupe, ila uso ulikuwa wa mtu asiyefikisha miaka arobaini. Kwenye mapaja aliweka kikopo cha vidonge. Wembe alikijua kikopo hicho. Vidonge vilivyoonekana ndani vilikuwa vingi kupita kiasi kwa tarehe iliyoandikwa juu yake.

Wembe akayameza maneno yake yote.

"Dada," alisema taratibu, "viganja vinauma sana?"

Mwanamke alishtuka. Alimtazama, akatazama kichwa chake cheupe. Kisha akaitoa mikono ndani ya mtandio na kuifungua. Ilikuwa imechubuka.

"Hawajui," alisema. "Nikiwaambia wataniondolea dawa."

"Hawataiondoa," Wembe alisema. "Wataipima upya. Niulize mimi."

Akamsikiliza mpaka mwisho, bila kumkatiza hata mara moja, jambo ambalo benchi lake lisingeliamini. Mama Rangi alirudi, akamtazama mumewe, akaitazama mikono ya yule mwanamke, wala hakuuliza. Alikichukua kikopo, akampa mwenyewe akishike, na wote watatu wakaenda kusimama mbele ya dirisha la dawa.